Tundu kwenye Sikio la Baraka

Jumatatu, 13 Januari
Baridi ya Timboroa imeshuka hadi huku Cheptiret. Ng'ombe wetu Baraka amekamuliwa mapema, kisha tukamswaga na mke wangu hadi joshoni kabla watu hawajaamka vizuri. Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo, ya bure. Daktari wa mifugo, yule msichana mpole, akamdunga shingoni na kumtia hereni ya njano sikioni, alama ya waliochanjwa. Alirusha mateke kidogo tu. Nikafungua hardware kama kawaida, nikauza misumari.

Jumatano, 15 Januari
Grupu letu la simu limewaka moto. Kuna video ya mwanasiasa, ati chanjo ni njama ya wazungu, ng'ombe wetu wasijambe ili hewa yao ipone. Wueh! Nilicheka peke yangu dukani. Halafu wakaanza kuuliza, Kinara anasemaje?

Kinara ni mimi. Mtu wa maoni juu ya kila kitu: ushuru, mbolea, satelaiti, kompyuta zinazofikiri. Baba alihamia hapa kutoka Nyeri na akanifundisha jambo moja, nisiwe wa kwanza kupinga wengi. Basi sikuwapinga. Niliwapita. Nikarekodi sauti. Nikasema walioshindwa na barabara yetu ndio wataweza dawa? Nikasema ng'ombe wangu haguswi na sindano yao. Nilisema hivyo kabisa, na raha nikasikia. Vidole gumba vikamiminika hadi simu ikapata joto. Nalala leo nikiwa mtu mkubwa.

Alhamisi, 16 Januari
Mke wangu, Mama Ciku, ameisikia ile sauti. Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, na hereni je? Nikachukua koleo la kukatia waya, nikaikata. Baraka akarusha kichwa, sikio likachanika. Hereni nimeitupa chooni. Mjinga mimi.

Jumamosi, 18 Januari
Siku ya mwisho ya chanjo. Josho tupu.

Mama Nekesa amepita dukani kununua kamba. Ni jirani yetu, mjane kutoka Bungoma, anafanya vibarua vya shamba na kuuza maziwa ya ng'ombe wake mmoja, Zawadi. Anasema alikuwa ameshashika njia ya joshoni na ng'ombe wake na ndama. Bintiye akamwekea sauti yangu kwenye simu. Akageuka.

"Nimekuskiza wewe, Baba Ciku," akaniambia. "Wale wengine ni kelele."

Dukani hatukuwa na mtu mwingine. Ningesema. Nilimpimia kamba, nikamwongezea kidogo.

Jumatano, 5 Februari
Ugonjwa umeingia, umeanzia upande wa mtoni. Ng'ombe wanadondosha udenda na kuchechemea. Soko la mifugo limefungwa. Kwenye grupu sasa wanasema ugonjwa wenyewe umeletwa na serikali. Kinara anasemaje? Nimeandika kwamba nina mafua.

Ijumaa, 7 Februari
Zawadi hali majani. Ulimi mzima vidonda, maziwa yamekatika. Ndama wake jike, ambaye Mama Nekesa anasema ndiye atakayempeleka Nekesa chuoni, hanyonyi.

Nilienda kusaidia kumshika. Daktari alikuwa pale, ameinama na chupa yake. Akainua macho, akanitazama. Anajua. Alimdunga Baraka kwa mkono wake mwenyewe. Akaendelea kumwosha Zawadi midomo. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Februari
Ndama amekufa. Alisimama, akaanguka, basi. Daktari anasema ni moyo, ugonjwa huu huwaua wadogo hivyo. Shimo nimechimba mimi. Watu wakanisifu, ati jirani ndio huyu. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 11 Februari
Nampelekea Mama Nekesa jagi la maziwa kila asubuhi. Sijidanganyi, nanunua usingizi, na usingizi wenyewe haujaja.

Leo amekuja kurudisha jagi. Langoni akavua gambuti, akanawa mikono na miguu kwa sabuni aliyokuja nayo, asituletee ugonjwa. Akamwona Baraka, mzima, anacheua. Akasema Mungu anaijua nyumba ya mtu wa haki. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akaliona sikio. Halijapona, limetunga usaha, nzi wamejaa. Nikasema ni seng'enge. Uongo ulitoka kabla sijaufikiria. "Pole, mama, pole," akamwambia ng'ombe.

Jumatano, 12 Februari
Amerudi. Amekuja na sufuria ya maji ya chumvi, vuguvugu, na kitambaa alichokata kwenye leso yake. Akanawa tena pale langoni. Akamwosha Baraka polepole, akimwimbia kitu cha kwao. Mtu aliyefiwa na ndama anauguza ng'ombe wangu! Mama Ciku alishindwa, akaingia ndani kulia. Mimi nikashika kamba.

Usaha ulipotoka, tundu likaonekana. La duara, safi, mchaniko umeanzia hapo. Seng'enge haitoboi hivyo, na Mama Nekesa amefuga miaka mingi. Mkono wake ulisita. Kisha akaendelea kuosha.

Alipomaliza nikamwambia yote. Josho, hereni, koleo, ile sauti. Sikutafuta maneno matamu safari hii. Akakamua kitambaa.

"Na nilikuwa njiani," akasema.

Akachukua sufuria yake, akaenda.

Alhamisi, 13 Februari
Nimerekodi sauti nyingine, fupi. Nimesema ng'ombe wangu alichanjwa, nikawadanganya. Nimesema serikali naweza kuikosoa hata kesho, na itastahili, lakini sindano haikuwa na kosa. Nikaituma kabla sijaogopa.

Hakuna kidole gumba hata kimoja. Mmoja ameandika kwamba nimenunuliwa. Mwingine anasema huyo si Kinara, siku hizi kompyuta zinaiga sauti za watu, tuwe macho. Wengi wameshika hilo. Wananitetea! Ati mashine ndiyo imesema. Uongo wangu waliumeza bila kutafuna, na ukweli wangu wanautema. Mwalimu wao ni nani? Mimi.

Ijumaa, 14 Februari
Nimempigia daktari. Kesho anachanja upande ambao ugonjwa haujafika. Nimemwambia nitakuja na Baraka, watu walione sikio. Akasema sawa, lakini nisimpitishe kwenye ng'ombe wagonjwa.

Jumamosi, 15 Februari
Nimekamua. Nimeacha jagi langoni kwa Mama Nekesa, sikubisha.

Sikufungua duka. Nimesimama karibu na daktari kutwa, Baraka nimemfunga kando ya barabara, sikio lake wazi. Aliyeuliza nilimjibu. Simu inaweza kuigwa, mtu na ng'ombe wake hawaigwi. Mzee mmoja alinicheka mbele ya watu. Wengine walilitazama sikio, wakaenda kuleta ng'ombe wao. Wachache.

Jioni nimepitia kwa Mama Nekesa. Mlango umefungwa, moshi unatoka jikoni. Jagi liko palepale langoni, limefunikwa nilivyolifunika. Kando yake ile sufuria, maji ya chumvi, yangali na joto, na kitambaa kimekunjwa juu ya mfuniko.

Nimelibeba jagi, nimeibeba na sufuria. Nimemwosha Baraka sikio.