Bima ya Televisheni

Jumanne, 5 Juni 2012

Supu nusu bakuli. Vidonge vyote. Moyo umechoka, daktari hakunificha. Nyuma ya ubao unaogawa fleti hii, Chantal analia. Yule msusi Mrundi. Karudi leo kutoka hospitali. Juzi risasi ya mkwe wangu Désiré ilitoboa televisheni, ikatoboa ubao, ikamvunja mkono wa kulia. Désiré ana leseni ya silaha. Polisi walipouliza, nilisema bastola ilianguka kutoka mezani ikafyatuka. Wakaandika. Nani atamshuku mwalimu mstaafu?

Jumatano, 6 Juni

Wapangaji walikutana. Kaka yake Chantal anataka kila mwenye silaha awe na bima ya kumlipa atakayeumizwa, la sivyo ahame. Désiré alisimama, amevaa suti. "Ndugu zangu, ni ajali. Mungu ndiye anajua. Bima ni ya magari. Bastola yangu iko kwa kabati." Wakampigia makofi. Uamuzi Jumamosi.

Ijumaa, 8 Juni

Televisheni mpya imeletwa. Kubwa kuliko ya kwanza. Duka lilipomkopesha ile ya zamani lilimlazimisha kuikatia bima. Kioo kina bima. Mkono wa msusi hauna. Binti yangu alipiga vigelegele, Chantal akisikia. Sikula. Nawachukia wote humu ndani, nikianza na mimi.

Jumamosi, 9 Juni

Niandike kabla ya mkutano. Haikuanguka. Kila jioni, habari za nchi tuliyoikimbia zikianza, Désiré alitoa risasi zote kwenye bastola, akamlenga waziri kwenye kioo, akafyatua. Ta. Tukacheka. Mimi ndiye niliyekuwa namchagulia: "Huyo, mpige." Hasira yote ya ukimbizi tuliigeuza mchezo wa baada ya chakula. Jumapili alisahau kutoa risasi. Nilisema, "Mpige."

Ajali gani hiyo?

Jumatatu, 11 Juni

Nilisema yote mbele yao, nimeshikilia kiti. Désiré alicheka. "Papa iko mgonjwa, anachanganya." Kaka yake Chantal akaniuliza ni nani aliyesema mpige. Nikajibu: mimi.

Kanuni ilipita. Chantal haitamsaidia, bima hairudi nyuma.

Lifti imekufa. Kesho nitashuka kwenda polisi, nikipumzika kila ghorofa.

Désiré hanisemeshi. Televisheni imezimwa. Kupitia tundu la ubao namsikia Chantal akimchana nywele mwanawe kwa mkono wa kushoto. Kitana kinaanza, kinasimama. Kinaanza tena.