Mjomba Aliyejifanya Tajiri

Paje, Unguja

Kwako Dada Eda,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo Mpwapwa? Goti la shemeji limeacha kumsumbua? Na uwele je, mvua imeufikisha kwenye masuke, au mmeshawaachia mbuzi? Sisi huku ni wazima, mimi na mwanao Upendo, ila joto linabandika shati mgongoni tangu asubuhi.

Unajua mwanao alikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kuhudumia mezani, na wewe ulishasema akishindwa arudi nyumbani mara moja. Basi hoteli yetu imejenga mgahawa mpya ufukweni, wa watu wenye nafasi zao. Kabla haujafunguliwa, meneja, mama mmoja mkali wa Moshi, akataka kuwapima wahudumu. Akaja dobini kwetu, akaninyooshea kidole.

"Yona, leo wewe ni tajiri. Utakaa mezani, utalalamika. Mgeni asiyelalamika hatufundishi kitu."

Wakaniazima koti. Lilinibana kwapani hata mkono ukawa haufiki mdomoni mpaka niinamie sahani. Meza nyingine walizikalia walinzi na watunza bustani, nao matajiri. Nikaketi. Anayekuja kunihudumia ni nani? Upendo! Tulikuwa tumeonywa tusijuane, lakini mtoto uliyemlea wewe atampitaje mjomba wake? Akapiga goti na trei yake mkononi.

"Shikamoo mjomba!"

Meneja akakohoa. Nikajibu haraka, kwa sauti ya kitajiri, "Marahaba. Hoteli hii mnasalimia wageni vizuri sana." Mtoto akainuka upesi, glasi zikagongana.

Chakula chenyewe sasa! Sahani pana kama ungo, katikati kipande cha boga kisichomshibisha kifaranga. Nikakimeza, nikangoja chakula kije. Kumbe ndicho. Ikaja sahani nyingine, mkono mmoja wa pweza umejikunja peke yake kama umefiwa. Meneja ananikonyeza nilalamike, nami nikimtazama Upendo maneno yanagoma. Sisi tumelelewa kushukuru hata ugali ukiungua.

Ndipo akaleta samaki. Juu yake povu jeupe limetuna. Dada, kazi yangu ni kufua, povu nalijua. Nikasahau utajiri, nikasahau majaribio, nikapiga kelele kwa woga wa kweli.

"Binti, ondoa hii! Sahani haijasuuzwa!"

Meza zote zikanigeukia. Mpishi akachungulia kutoka jikoni. Nikajua nimemwangamiza mtoto wa watu. Lakini Upendo akashika kiuno, akanijibu kwa sauti yako kabisa, ile uliyokuwa ukinisimamia nayo nimalize mlenda.

"Bwana, hilo ni povu la limau, mpishi kalipiga kwa mkono wake. Onja kwanza. Ukikuta sabuni, nitaila mimi hapa mbele yako. Usipoikuta, utamaliza."

Nikaonja. Limau tupu. Nikamaliza yote, macho chini.

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamgeukia Upendo. "Mgeni hashikiwi kiuno." Akairudisha miwani machoni. "Lakini mgeni wako kala kamaliza, na wewe hukukimbilia jikoni. Jumatatu njoo uchukue sare. Na huyo mjomba wako nisimwone tena mezani kwangu."

Kwa hiyo mwanao harudi, dada. Najua ulishamwombea nafasi kwa fundi cherehani pale sokoni. Mwombe radhi. Upendo alitaka akupe habari mwenyewe, akakaa na simu mapajani jioni nzima. Mwishowe akaniambia, "Mjomba, mwandikie wewe. Mimi nikisikia tu sauti ya mama nitalia, naye atadhani nimefukuzwa."

Basi akikupigia akalia, usimwambie afungashe. Mwache alie, anafurahi.

Nisalimie shemeji, mama mkubwa wa Nzuguni akija kuwatembelea, na katekista wetu aliyetuombea safari. Wakiuliza afya yangu, waambie nanenepa, ila si kwa chakula cha mgahawa ule.

Mungu awatunze wote.

Mdogo wako akupendaye,
Yona