Shemeji Yako Sasa Anakaa Nyuma

Nyumba ya kona,
Mtaa wa juu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu nyingi, zile za kujaa hadi kumwagika. U hali gani huko kwenye baridi yako? Kile kikohozi ulichonisimulia kwenye simu kimekwisha, au bado kinakukosesha usingizi? Na mume, hajambo? Wale mapacha shule wameizoea? Sisi huku ni wazima kabisa. Mgongo wangu umetulia, shemeji yako anakula na kulala vizuri, na mvua imeanza kunyesha tangu asubuhi, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa mezani nikuandikie badala ya kuwa barabarani. Hilo neno "barabarani" usilipite haraka. Ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka ile pikipiki yetu ndogo nyekundu. Kila asubuhi shemeji yako alinishusha karakana ninakoshona makochi, kisha yeye akaendelea hospitali kwenye darubini zake za kupimia damu. Jioni ananipitia. Unamjua alivyo: nyumbani ni mtu wa gazeti na kimya chake. Lakini akishika mpini wa pikipiki, ulimi unafunguka. Mambo yote ya ndoa yetu tuliyazungumzia njiani, mimi nyuma, yeye mbele, upepo ukituibia nusu ya maneno.

Sasa, ipo jioni moja mwaka jana ambayo sikukuandikia. Tulikuwa tunapanda kilima cha kuja kwetu, pikipiki ikakohoa, ikatweta, ikasimama katikati ya njia, mbele ya ukumbi ambao watu ndio kwanza walikuwa wanatoka mkutanoni. Muuza vocha mmoja akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mzee, shusha shehena kwanza, utairudia." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Sindano, nikacheka kuliko wao wote, kwa sababu sisi watu wa mwili ndivyo tulivyojifunza. Nikashuka, nikapanda kilima kwa miguu. Kesho yake nikamwambia shemeji yako atangulie, mimi nataka kunyoosha miguu kidogo. Basi nikawa mtu wa kunyoosha miguu, wiki ikaisha, mwezi ukaisha, nanyoosha tu.

Wala hakuniuliza. Aliondoka peke yake, akarudi peke yake, tukakutana mezani kama wapangaji wawili wanaosalimiana kwa adabu. Mabasi ya kwenda kwa mama nayo nilikuwa nimekwisha kuyaacha, kwa sababu ya viti vyake na midomo ya makondakta. Mama akipiga simu namwambia kazi zimenibana.

Halafu Jumamosi moja mchana nikasikia mngurumo nje ya lango. Haukuwa wa lori wala wa gari. Ulikuwa kama simba anayesafisha koo. Nikatoka na mkasi mkononi. Nikamkuta shemeji yako juu ya pikipiki kubwa, zile wanazoziita kruza: imelala chini, tumbo pana, mpini umetanuka kama pembe za fahali, na miguu ya dereva inakwenda mbele kana kwamba amejinyoosha kwenye kochi. Alikuwa ameinunua kwa daktari mmoja wa meno aliyestaafu, na ile nyekundu yetu ilikwisha kwenda kwa mtu mwingine. Na yeye alivyo mwembamba, alionekana juu yake kama njiti ya kiberiti iliyosahauliwa juu ya jiko.

"Kwa hiyo umeninunulia lori," nikamwambia.

"Sijakununulia wewe. Nimejinunulia mimi. Nimechoka kwenda peke yangu."

Yalikuwa maneno mazuri, sasa hivi nayaona. Lakini mtu mwenye kidonda hata ukimpapasa anasikia umemtonesha. Nilichosikia mimi ni kwamba mke ameshindikana kwenye pikipiki ya kawaida, kwa hiyo imetafutwa ya mizigo. Nikarudi ndani, nikanuna. Unaujua mnuno wangu, wewe ulilala nao chumba kimoja.

Kesho yake yeye akiwa bafuni, nikaenda uani kuichungulia. Nikaizunguka. Kumbe ina kiti kimoja tu! Nyuma ya dereva ni madigadi tupu, bati la kufunika gurudumu linang'aa. Nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika upya. Alipotoka na taulo begani nikamuuliza, "Na mimi unataka nikae wapi? Juu ya taa?"

Akajifuta uso kwanza. Akasema, "Mimi kazi yangu damu. Kiti ni kazi yako. Sikutaka mtu mwingine akukadirie."

Mdogo wangu, miaka yote hii nimeolewa na mtu huyu, na sikumbuki kama aliwahi kuniambia neno lililoniingia kama hilo. Nilikuwa nimeshikilia ndoo, nikaiweka chini.

Jumatatu yake kile kiti kimoja cha pikipiki ya daktari wa meno kilikuwa juu ya meza yangu karakana. Nikakivua ngozi, nikatupa sponji yake iliyokuwa imekwisha kuwa makombo, nikaanza upya. Kwa jirani yetu mchomeleaji, yule tunayemwita Cheche, nikapata bati nene la kutandaza chini ya viti viwili kwa pamoja. Juu yake sponji ngumu, ile ya makochi ya ofisini inayovumilia, na juu ya hiyo sponji laini. Nikakata vipimo kwenye magazeti, nikayapanga sakafuni, nikayakalia. Bosi wangu akapita, akaniona nimeketi juu ya magazeti katikati ya karakana, miguu mbele, mikono nimeshika mpini wa hewa. Alirudi baadaye na kipande cha ngozi halisi kilichobaki kwenye makochi ya hoteli, akakiweka mezani na kuondoka.

Nimeshona mishono miwili miwili, uzi umepitishwa kwenye nta ili mvua isipenye. Kiti cha nyuma ni kipana kuliko cha mbele, sikujidanganya. Nimekiwekea na egemeo la mgongo, limejipinda kama kiganja. Nilipokimaliza nikakikalia hapohapo juu ya meza, nikakaa muda mrefu kuliko ulivyohitajika kwa majaribio. Nimewashonea watu viti tangu ujana wangu, na hicho ndicho cha kwanza kunitosha.

Cheche naye akakolea. Akabadilisha springi za nyuma akaweka ngumu, akatengeneza vikanyagio vipana vya abiria, akauvuta mpini nyuma kidogo ili shemeji yako asiufuate kama mtoto anayefuata titi. Tukagombana kuhusu rangi. Shemeji yako alitaka nyeusi, mimi nikasema nyeusi ni ya gari la maiti. Tukakubaliana kijani cha chupa, na ukanda mwembamba wa rangi ya shaba kwenye tangi la mafuta. Tukagombana tena kuhusu ekzosi. Huwezi kuamini: mtu ambaye nyumbani hufunga mlango kwa vidole viwili alitaka ekzosi ya kuamsha mtaa! Nikamruhusu nusu. Inaamsha nusu ya mtaa.

Lakini mpaka hapo mimi nilikuwa bado abiria. Kilichogeuza mambo kilitokea siku ya kuitoa nje mara ya kwanza. Shemeji yako akapanda, mimi nikapanda nyuma, nikajiegemeza, roho yangu nyeupe. Tulipofika langoni akasimama kuangalia magari, akatia mguu chini kwenye kokoto, mguu ukateleza. Chombo kikaanza kulala. Unajua kuna kuanguka kwa ghafla na kuna kuanguka kwa heshima. Sisi tulianguka kwa heshima, polepole, yeye akisema "aa, aa, aa" mpaka chini. Mimi nilisharuka pembeni. Yeye hakuumia, ila mguu wake ulikuwa chini ya pikipiki na hakuweza kuutoa.

Sikufikiri. Nikachuchumaa, nikashika mpini kwa mkono huu na fremu kwa mkono ule, nikasukuma kwa miguu kama ninavyonyanyua kochi la watu watatu kila siku ya Mungu. Ikasimama. Nikaiegesha kwenye stendi, nikamnyanyua na yeye.

Cheche alikuwa amekuja kuangalia kazi yake inavyotoka. Akatutazama, akakuna kidevu. "Mama," akasema, "chombo kimemkataa baba. Kimekuchagua wewe."

Nikamwangalia shemeji yako, nikidhani nitaona aibu usoni mwake. Alikuwa anakung'uta vumbi kwenye suruali huku anatabasamu. "Mimi nilitaka tu twende wote," akasema. "Sikusema nani akae mbele." Akanipa ufunguo.

Basi akanifundisha. Kila jioni tukienda kwenye uwanja wa shule, yeye anatembea kando yangu amefunga mikono nyuma kama mkaguzi, ananiambia achia klachi taratibu, taratibu, usiikabe. Nilizima injini mara zisizohesabika. Niliwafukuza mbuzi ambao hawakunikosea kitu. Nilizunguka uwanja ule mpaka nikautengenezea njia. Na ule uzito wangu, Sindano, ambao nimeubeba duniani kama mtu anayeomba radhi, juu ya chombo kile ndio uliokituliza. Upepo wa malori hauniyumbishi. Nikikaa, nimekaa.

Siku ya mtihani wa leseni nilikuta foleni ya vijana watupu. Askari aliyekuwa anatahini, mama mmoja wa makamo mwenye sauti kavu, alinitazama, akaitazama pikipiki, akauliza imeletwa na nani. Nikamwambia nimeileta mimi na nitaondoka nayo mimi. Nikapita katikati ya zile koni, nikachora nane kwa magurudumu, nikasimama kwenye mstari bila kutia mguu nje ya mahali pake. Aliandika alichoandika. Kisha akaja kuninong'oneza, "Hicho kiti umekishonesha wapi?" Nimekwisha kumpima, atakuja kuchukua cha kwake mwisho wa mwezi.

Sasa nikupe habari ya mama, maana najua ndiyo unayoisubiri. Wiki iliyopita tulikwenda kwake bila kumwarifu. Shemeji yako nyuma, ameegemea egemeo, amepakata sufuria mpya tuliyomnunulia. Alianza kuongea tulipopita kituo cha mafuta na hakunyamaza mpaka tulipofika. Ameniambia mambo ya kazini kwake ambayo yalikuwa yamemlundikania mwaka mzima. Sikujibu mengi, nilikuwa naangalia barabara. Lakini nilipunguza mwendo ili safari iwe ndefu.

Mama alikuwa anaanika nguo. Akasikia ule mngurumo, akatoka hadi barabarani na shuka mkononi, amekunja uso kwenye jua. Nikavua helmeti. Alinitazama kwanza, kisha akamtazama mkwewe aliyekumbatia sufuria.

"Baba," akamwambia, "umebebwa salama?"

"Nimebebwa salama, mama."

Akaja akanishika mashavu kwa mikono iliyolowa maji ya nguo. Akasema, "Nilidhani umenichoka." Nikamwambia ukweli wote pale pale, kuhusu mabasi na makondakta na yale ya kilimani. Hakunipa pole. Alisikiliza hadi mwisho, akaenda kuzima jiko la mafuta, akavaa viatu vyake vya kutokea, akasema, "Nipandishe."

Nikamzungusha mtaa mzima. Mwendo wa konokono, amenishika kiuno, mikono yake haikuzunguka hata nusu na hakujali. Tulipofika kwa yule jirani yake, mama mwenye nyumba waliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa ua, akanigonga begani: "Punguza hapa." Nikapunguza. Mama akamsalimia kwa sauti tamu kama asali, akaulizia afya ya nyumba nzima, mmoja mmoja. Tulipokata kona akanigonga tena. "Rudi," akasema. "Sidhani kama ameniona vizuri." Tukapita mara ya pili. Nilicheka mpaka nikaogopa kuangusha chombo, na safari hii, mdogo wangu, kicheko kilikuwa changu mwenyewe.

Ukija likizo usitafute teksi. Nitakuja kukuchukua. Ila jiandae, kwa sababu mama amekwisha kutangaza kwamba kiti cha nyuma ni chake, na shemeji yako anasema alitangulia. Itabidi mpige kura, na mimi dereva sina upande.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie bado namdai picha ya nyumba mpya. Wabusu mapacha, kila mmoja shavu lake wasije wakalalamika. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Cheche naye anakusalimu ingawa hakujui. Mungu akupe mapafu mazima, na barabara zako zote huko ugenini zisiwe na utelezi.

Ni mimi nikupendaye pasipo breki,
Dada yako, mkubwa kwa umri na kwa mengine yote.