Saruji ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote. Mgongo wako umepata nafuu? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, na leo nakuandikia nikiwa nimeshusha pumzi kweli, maana mvua zimekuja, zimepiga, zimepita, na ukuta wa chumba cha Mama uko palepale.

Najua ulisema ukuta huo ukianguka tu, nyumba ibomolewe na Mama ahamie kwako, atake asitake. Naye alishaapa kwamba hapo hatoki. Mimi nikabaki katikati, usingizi sina. Kazi nyingine za ukarabati hazikunitisha: jiko tumeliingiza ndani, bafu lina maji ya moto, na shemeji yako amepanua dirisha la watoto mpaka wanalalamika jua linawaamsha mapema. Lakini ukuta ule! Ulikuwa umevimba kama tumbo la aliyevimbiwa. Fundi aliugonga, akasema saruji aliyoipaka marehemu Baba ndiyo inayouua: unyevu ukiingia hauna pa kutokea, na matofali ya udongo yanarudi kuwa tope. Ibanduliwe yote, upakwe udongo na chokaa, ukauke kabla ya mvua.

Loo, nani amwambie Mama? Saruji ile Baba aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza ili nyumba yetu ipendeze kuliko zote mtaani. Unakumbuka alivyokuwa akiwasimamisha wapita njia waiguse? Nilipomweleza, Mama alichukua kiti, akakiegemeza kwenye ukuta uleule, akakaa. Kesho yake vilevile. Fundi alikuja akaondoka, akinitania kwamba hajawahi kupewa ukuta wenye mlinzi. Mawingu yalizidi kukusanyika. Nililia jikoni, sikufichi.

Asubuhi moja nikasikia nyundo. Nikatoka mbio nikidhani fundi amemkaidi. Kumbe ni Mama, kajifunga kibwebwe, anabandua mwenyewe, vumbi hadi kwenye kope! Akaniambia huku akigonga kwamba saruji ile hakuipenda hata siku moja. Tangu ipakwe, chumba kilinuka unyevu na godoro likaota ukungu. Lakini Baba alikuwa na furaha mno, basi kila alipouliza harufu inatoka wapi, Mama alijibu kwamba ni yeye kamwaga maji. Miaka yote ile, Kaka! Na sisi tulivyokuwa tukimcheka kwamba mikono yake haishiki kitu! Pale kwenye kiti, alisema, hakuwa akiulinda ukuta. Alikuwa akimwomba Baba ruhusa, na Baba tangu zamani alikuwa mgumu kukubali.

Sasa chumba ni kikavu na Mama analala fofofo. Kipande kimoja cha saruji alikataa kisitupwe. Anakiweka mlangoni ili upepo usiubamize mlango, na anasema hatimaye kimepata kazi inayokifaa.

Msalimie sana Wifi, watoto nao uwabusu. Mama anakusalimu, na anasema kile chumba ulichomwandalia uweke nguo.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere