Mkono Ulioandika Kifo cha Babu

Unguja, 4 Rajabu 1304

Dada Mwanaharusi, shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni goti la Mama.

Yule Mjerumani ninayemfundisha Kiswahili kanitia mtihanini. Anasema wanazuoni wa kwao wanagombana juu ya Taurati: hawa wanasema yote kaandika Nabii Musa, hawa wanasema ni mikono mingi, baada yake. "Kifo cha Musa kimo humu," akaniambia. "Mtu huandikaje maziko yake?" Naogopa imani yangu itapungua. Niache kazi nirudi Kaole? Muulize Baba, kwa upole.

Mdogo wako, Ausi

Kaole, 20 Rajabu

Mdogo wangu, marahaba. Mama jana kaenda kisimani kwa miguu yake.

Baba hakukasirika. Kasema, "Taurati Musa kateremshiwa na Mungu. Nani alishika kalamu baadaye, Mungu ajua. Swali halimtoi mtu katika dini." Kisha akakitoa kile kitabu cha babu cha habari za Kaole. "Mbona hata humu kifo cha babu yenu kimo? Nani kaandika?"

Ausi, nikasema, "Mimi." Mkono wa babu ulipochoka aliniachia kalamu, na alipokufa sikuiweka chini. Niliuiga mwandiko wake, nikihofia watu watasema mwanamke kaharibu kitabu.

Baba akafunua kurasa. "Miaka kumi na minane nawasomea watu maneno ya binti yangu, wala sijui!" Akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Akaniletea wino, akasema, "Andika jina lako." Nililia.

Sasa anataka kujua nilianzia wapi. Sisemi. Kisia wewe.

Dada yako, Mwanaharusi

Unguja, 2 Shaabani

Dada yangu msomi, shikamoo! Nimepiga kelele mpaka Mjerumani akatoka na sabuni mashavuni. Naendelea na kazi, siogopi tena.

Tumekisia pamoja, kwa njia ya wanazuoni wake, kutambua mkono kwa yaliyoandikwa. Vita na ugomvi wa majumbe waliotawala mji ni vya babu. Karamu za harusi, pilau na samli, ni zako. Mwanamume gani angekumbuka viungo vyote vile?

Mdogo wako, Ausi

Kaole, 15 Shaabani

Ausi, marahaba. Sote wazima, na mbavu zinatuuma kwa kucheka.

Mwambie mwanazuoni wako vita ni vyangu vyote. Pilau ni ya babu.

Dada yako, Mwanaharusi