Mchanga Ulioona Jua

Jumatatu, 3 Novemba

Shimoni tangu asubuhi. Bomba la kuchukulia mchanga wa tabaka la chini limeingia hatimaye, nyundo imeniachia malengelenge. Nimelitoa, nimeziba ncha zote mbili, nikalivika nailoni nyeusi. Mzee Ntahondi, mwenye shimo hili la udongo wa matofali, hachoki kuuliza kwa nini mchanga unafunikwa kama bibi harusi. Nimemweleza tena. Chembe ikifukiwa huanza kuhesabu miaka yake gizani. Ikiona jua hata kidogo, inasahau yote. Akacheka, akasema mchanga wangu una aibu kuliko binti zake.

Ramani inapendeza. Mto Luiche ulipita huku zamani, karibu zaidi na Ujiji, na changarawe zake zinaonekana wazi. Zamani ipi? Hilo litasemwa na bomba la chini. Bila umri huo nina mchoro mzuri tu, na shahada inakwama. Gari la chuo linaondoka Ijumaa kupeleka sampuli maabara.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua kutwa. Luiche umefura, shimo limejaa maji. Shauri lake. Ninachotaka kiko chumbani kwangu.

Paa linavuja kidogo. Nimesogeza kitanda. Mama Hadija, mwenye nyumba, kaniletea ugali na samaki wa mgebuka. Vyombo hataki niguse, eti mgeni haoshi. Sijui nilimfanyia Mungu jema gani nikapata chumba hapa Kasingirima.

Jumatano, 5 Novemba

Nina hasira.

Nilikwenda mjini kuchapisha ramani. Nimerudi, jua limewaka, mchanga wa tabaka la chini umetandazwa juu ya chanja ya kuanikia dagaa. Vizuri kabisa, hata bonge moja hakuna. Kibandiko changu kiko pembeni, kimekandamizwa na jiwe kisipeperuke. Paa lilivujia mabomba. Mama Hadija aliona maji yanachuruzika, akaanza na lililolowa zaidi. Ameanika dagaa tangu usichana wake. Kwake kilicholowa kikifungiwa kimeoza, na mwenye mali akiwa hayupo, jirani anamwanikia.

Nimefoka, tena mbele ya wenzake wanaoanika dagaa. Alingoja nimalize.

"Niliona bomba linavuja, mwanangu. Nikasema nikuokolee."

Nimejifungia chumbani nalia. Habari ya jua nimemweleza Mzee Ntahondi hadi kaichoka. Huyu ninayelala kwake sikumwambia hata mara moja.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilitoka kumwomba radhi, sikumkuta. Jirani akanielekeza shimoni.

Walikuwa huko, yeye na wenzake wa dagaa, kanga zimefungwa juu ya magoti, wanachota maji kwa ndoo na kuwapokeza wafyatua matofali. Mzee Ntahondi, aliyekwisha kuwaeleza habari ya jua, alikuwa anaegemeza mbao ukutani usije ukatufukia. Hakuna aliyeninunia. Nimeomba radhi huku nimeshika ndoo. Mama Hadija akasema niache maneno, maji yanarudi.

Alasiri tabaka la chini likaonekana. Nikapiga nyundo, bomba jipya likaingia. Wakati wa kulitoa Mama Hadija alikunjua baibui lake kuukuu, akatufunika mimi, yeye na bomba. Giza, jasho, harufu ya dagaa. Mzee Ntahondi akainua pindo kuchungulia. Kafokewa! Jua likiingia mchanga utasahau, anataka mtoto wa watu afeli? Nimecheka mpaka nikashindwa kuziba ncha. Aliziba yeye.

Nashukuru. Sina neno kubwa zaidi, ningekuwa nalo ningeliandika.

Ijumaa, 7 Novemba

Gari limeondoka na mabomba yote. Majibu yatachukua muda, na huenda yasinipendeze.

Mchanga wa juzi ulikuwa bado kwenye chanja, mkavu. Walikuwa wameufunika kwa turubai. Mama Hadija akauliza kama aumwage. Nilikataa. Tumeufukia mlangoni, pale maji ya paa yalipochimba, tukaushindilia kwa miguu, tukaweka lile jiwe la kibandiko juu. Huko chini umeanza kuhesabu upya, kuanzia wiki hii.

Jioni tumekula migebuka. Kisha akaniachia vyombo vyote nioshe.