Mke wa Abrahamu

Jumatatu, 2 Juni

Nuhu, kapata. Musa, kapata. Yona kamezwa na samaki, kapata na kucheka juu, upande mmoja wa mdomo. Mke wa Abrahamu, kimya.

Nimerudia swali huku napepeta alizeti. Ntandu anatazama miguu yake. Upepo unanijazia makapi machoni, mwenzangu anatazama miguu. Nikampa jibu mwenyewe. Sara. Haya sema. Hakusema.

Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia na nusu ya uso, tangu wakati wa palizi. Ulimi umebaki mzito lakini unasema. Daktari alisema kumbukumbu zinaweza kuwa na mashimo. Basi shimo moja liko kwa Abrahamu.

Baridi kali. Mlenda umeungua.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimejiuliza kwa nini najitesa hivi. Najijibu.

Ntandu hakuwahi kubatizwa. Mimi nilibatizwa mtoto, nikapata kipaimara, kisha nikaja kwake bila ndoa ya kanisa. Ng'ombe walikwenda kwa baba, wazee wakanywa pombe yao, yakaisha. Kijijini mimi ni mke. Kanisani mimi ni mtu anayeishi na mwanamume. Tangu hapo sijagusa Meza ya Bwana. Wenzangu wanainuka, mimi nabaki kwenye benchi na watoto. Rehema wetu ana watoto wake sasa huko Dodoma, mama yake bado yuko kwenye benchi.

Miaka yote nilimwambia twende tukafunge ndoa. Mwakani. Mvua zikiwa nzuri. Tukishavuna. Ni ugonjwa uliomfanya akubali. Siku aliyopata kauli tena, cha kwanza alichosema ni kwamba anataka kubatizwa na kunioa. Nikaenda kulia jikoni.

Nina hasira naye kwa kuchelewa. Nina hasira na mimi kwa kumsubiri.

Ijumaa, 6 Juni

Mzee Yona alikuja. Ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, hadi leo anaongea kama ameshika chaki. Kakaa, kanywa uji, kasema baraza la wazee limeamua.

Ubatizo hauna shida, mgonjwa hubatizwa hata kitandani. Shida ni ndoa. Matangazo yameshasomwa, lakini hawawezi kumfungisha ndoa mtu ambaye hawajui kama akili yake ipo. Kwa hiyo tarehe 15 Ntandu atasimama na wanafunzi wengine wa ubatizo mbele ya usharika, aulizwe maswali ya Biblia kama wao. Akijibu, tarehe 29 atabatizwa na tutafunga ndoa siku hiyo hiyo. Asipojibu, atabatizwa tu, na mimi nitabaki nilivyo.

Nikauliza, je, akikosa machache?

"Yale ya msingi asikose, Mama Rehema."

Abrahamu ni wa msingi. Nimemsindikiza mgeni hadi njiani nikitabasamu.

Jumanne, 10 Juni

Leo kanisimulia habari za Yusufu zote. Kanzu, shimo, Misri, ng'ombe waliokonda. Hao ng'ombe aliwaeleza mpaka ukawaona mbavu. Nikaona tumepona.

Nikamwuliza, baba yake Yusufu nani?

Yule aliyelala kichwa juu ya jiwe.

Ana jina yule. Nani?

Yule aliyemchungia mjomba wake.

Jina, Ntandu, jina. Akatazama miguu. Nikatupa ungo. Alizeti chini, kuku wakafaidi. Nikamfokea kwa Kinyaturu maneno ambayo siyaandiki. Alinyoosha mkono wa kushoto akaanza kuokota alizeti punje moja moja na hilo ndilo lililonimaliza.

Rehema kapiga simu. Eti mama mwache baba apumzike. Nikakata.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefunga. Maji tu. Nimeomba nikiwa shambani, nikiwa kisimani, nikiwa nafagia. Mungu, sikuombi mkono wake upone. Sikuombi mvua. Majina mawili tu. Wewe uliyewaweka watu hao duniani, mrudishie majina yao.

Hajibu. Amekuwa kama Ntandu.

Jumapili, 15 Juni

Yamekwisha.

Nilimvika shati jeupe. Alisimama kwa fimbo, pembeni ya wanafunzi wengine. Mchungaji kaketi, kijana wa watu, si wa huku, anahudumia mitaa mingi ya kanisa na kwetu hufika kwa zamu. Mzee Yona ndiye aliyeuliza.

Alianza vizuri. Safina, amri kumi, Daudi na jitu. Akaulizwa habari za Petro. Ntandu kwa ule ulimi mzito akasema Petro alimkana Bwana mara tatu, jogoo akawika, akatoka nje akalia sana. Kanisa likatulia. Mama mmoja nyuma yangu akavuta kamasi. Nilifurahi, nakiri. Nilishajiona nimeinuka nakwenda mezani.

Ndipo Mzee Yona akasema, mke wa Abrahamu aliitwa nani?

Kimya. Nikamchezeshea midomo kutoka kwenye benchi, Sa-ra, kama namfundisha mtoto. Aliniona. Akainamisha macho.

"Yule aliyemzaa Isaka uzeeni, Mzee Ntandu."

"Namjua."

"Basi mtaje."

Hakumtaja. Na baba yake Yusufu hakumtaja. Kuna mtu alicheka. Mchungaji akanong'onezana na wazee, na kabla ya Meza Mzee Yona akaniita pembeni. Ubatizo, ndiyo. Ndoa, hapana. Pole sana, Mama Rehema.

Walipoinuka kwenda mezani nilitoka nje. Sikuweza.

Jumatatu, 16 Juni

Sijui nicheke au nijipige.

Asubuhi namnywesha uji huku namsema. Kwamba ameniaibisha. Kwamba jogoo wa Petro anamkumbuka, Sara anamsahau. Akasukuma kijiko. Akasema polepole, neno moja moja.

"Wewe ulitaka nimtaje mama yako mbele za watu?"

Mama yangu aliitwa Sara. Baba yangu aliitwa Yakobo.

Kwetu mkwe hatajwi. Mwanamume akimwona mama mkwe njiani anaacha njia, na jina lake halitoki mdomoni mwake mpaka anaingia kaburini. Ntandu siku zote mama alimwita Bibi Rehema, na baba alimwita mkwe. Najua mila hii kama ninavyojua jiko langu. Mimi mwenyewe baba yake sijawahi kumtaja, na hata hapa simwandiki. Lakini Sara wa Biblia kwangu alikuwa wa Biblia, na mama alikuwa mama. Haikunijia. Nikamfokea mtu wangu wiki mbili kwa sababu ya adabu yake kwa wazazi wangu.

Kumbe kichwa hakina shimo.

Nikambembeleza. Hao ni watu wa zamani, wa nchi ya mbali, si wakwe zako. Akanitazama.

"Nikimtaja, wewe utakuwa nani kwangu?"

Uji ulipoa.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Yona. Shikamoo, nikaeleza. Akavua miwani. Akasema, "Kumbe." Yeye naye ni Mnyaturu, na mama mkwe wake anaishi kwenye uwanja huo huo, nimemsikia mara nyingi akimwita "yule bibi wa nyuma". Alikuwa na aibu, nikaona. Akampigia Mchungaji simu nikiwa pale pale.

Mchungaji kasema anaheshimu mila lakini kanisani si ukweni. Kasema ametuhurumia. Tarehe 29 Mzee Ntandu aulizwe tena hayo mawili tu, akitaja, ndoa ifungwe.

Maneno mawili. Nimerudi nyumbani karibu nakimbia, mtu mzima mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Amekataa.

Nimefungua Biblia nikakuta Yakobo aliitwa pia Israeli. Nikampelekea. Akafikiri, akasema Israeli anaweza. Nikapata nguvu. Nikamwambia na Sara zamani aliitwa Sarai, basi sema Sarai. Kaniangalia kama mtu anayeuziwa ng'ombe aliyekufa. Kasema huyo ni yule yule, amevaa kitenge kingine.

Nimemwambia mama amekufa, hasikii. Kasema yeye bado hajafa.

Leo namchukia. Naandika hivyo. Namchukia kwa sababu ana haki, na haki yake itanifia mikononi. Hivi hajui atakufa? Hajui nitazikwa kama nilivyo, bila Meza, bila cheti, bila chochote? Anajua. Ananiangalia kwa jicho lile moja linalofunga vizuri na anajua.

Jumatatu, 23 Juni

Zimebaki siku chache. Nimeacha kumwuliza maswali. Tunakaa juani tunatenga mbegu. Jana macho yalikuwa mekundu, akalalamika kichwa. Nimempa maji.

Nimemwomba Mzee Yona aulize la Israeli tu, la Abrahamu aliruke. Kasema hawezi kumdanganya Mchungaji. Mbona wengine wanaweza.

Ijumaa, 27 Juni

Kiharusi kimerudi. Jumanne asubuhi, namfunga vifungo vya shati. Akaniegemea mzima mzima, nikadhani ananikumbatia.

Zahanati wakatupeleka mjini. Mjini walimweka, wakamtazama, leo wamesema tumrudishe nyumbani tumtunze. Rehema amefika. Analia kwa sauti, mimi siwezi.

Sauti imekwenda yote. Anafumbua jicho, anafumba. Mkono wa kushoto unasogea kidogo.

Wiki nzima nilimwomba maneno mawili. Sasa hana hata moja. Mungu, kama huu ndio mtihani, wa nani? Nani anayefaulu hapa?

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada walikuja nyumbani, Mchungaji, Mzee Yona, na akina mama wengine. Chumba kilijaa. Mchungaji kambatiza kitandani, maji katika bakuli langu la bluu. Jina alishalichagua mwenyewe siku nyingi, Petro. Maji yalimwingia sikioni, nikayafuta na khanga.

Mchungaji akafunga kitabu. Nikajua ndiyo basi. Sikumlaumu mtu. Nilikuwa nimechoka hata kulaumu.

Mzee Yona akasema, "Mchungaji, kuna swali lilibaki."

Mchungaji akasema mgonjwa hana sauti, Mzee, tusimsumbue. Lakini Mzee Yona alishainama kitandani. Akaongea kama darasani, kwa sauti kubwa, neno kwa neno.

"Mke wa Isaka aliitwa Rebeka."

Ntandu anamtazama. Hakuna kitu.

"Mke wa Musa aliitwa Sipora."

Anamtazama tu.

"Mke wa Abrahamu aliitwa Sara."

Akafumba macho. Ule mkono wa kushoto ukaanza kutambaa juu ya blanketi, pole pole mno, nilitaka kumsaidia nikajizuia. Ukashika ncha ya blanketi. Ukaivuta mpaka ikafunika uso.

Hivyo ndivyo mkwe anavyofanya akisikia jina la mama mkwe. Akina mama wote mle ndani wakainamisha macho, na mimi pia. Hakuna aliyeambiwa.

"Akili ipo," akasema Mzee Yona. Akajipangusa uso kwa mkono.

Mchungaji alimtazama yeye, akatutazama sisi. Akauliza lile blanketi lina maana gani, tukamweleza, Rehema ndiye aliyemalizia. Akasema mtu wa namna hii alikuwa ameoa siku zote, sisi tulichelewa kumwandika. Akafungua kitabu tena.

Alipofika pa kuulizwa, akamwambia Ntandu anibane mkono kama anakubali. Kanibana. Si kwa nguvu, nguvu hana. Lakini alibana, na hakuachia hata Amina ilipopita. Mchungaji akatupa Meza hapo hapo, yeye tone tu juu ya ulimi. Mimi mkate ulinikwama, nikaumeza na machozi.

Alhamisi, 3 Julai

Upepo umetulia leo. Ntandu alikata roho Jumatatu alfajiri, Rehema akiwa kichwani na mimi miguuni. Hakuhangaika.

Tulimzika jana, Petro Ntandu, kanisa lilikuja na kwaya yake. Mzee Yona ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Fupi. Amezaliwa, amelima, ameugua. Ameacha mjane, mtoto mmoja na wajukuu.

Mjane. Nililisikia hilo neno, nikamtazama Rehema nione kama na yeye amelisikia. Alikuwa anahangaika na mtoto wake. Mwanamke anayeishi na mwanamume haachwi mjane. Huachwa tu.

Nyumba ina watu wengi, wanapika nje. Rehema anasema nile. Nitakula.